Sura ya Sita: Usaili wa Afisa Udahili

Ukimuuliza mtu anayeomba kazi ya afisa udahili kwa nini anaitaka, aghalabu atakujibu kwamba anapenda kufanya kazi na vijana. Jibu hilo halina ubaya, ila halimsaidii. Jopo limelisikia tangu asubuhi na litalisikia tena baada ya chai ya saa nne. Wao wanataka kujua jambo jingine: Oktoba imefika, foleni imepinda kona ya jengo la utawala, mama amesafiri kutoka Kasulu na mwanawe hana vigezo. Utamwambia nini, na utamwambiaje?

Ukiondoa mabango, vipeperushi na fulana za maonesho, udahili ni kazi ya kusema ndiyo kwa anayestahili, kusema hapana kwa asiyestahili, na kumwelekeza huyo wa pili mahali ambapo bado anaweza kupokelewa. Maandalizi ya usaili yaelekee huko. Anayekwenda na majibu ya kukariri kuhusu "mawasiliano bora" na "kufanya kazi kwa shinikizo" hudumu vizuri dakika tatu za kwanza. Kisha mjumbe mmoja, mara nyingi yule aliyekaa pembeni kimya, huchomoa karatasi ya matokeo na kumsogezea.

Sura hii inazungumzia vyuo vikuu vya Tanzania. Kila nchi ina utaratibu wake, na msailiwa anayesoma ushauri wa jumla jumla mtandaoni hujikuta anaeleza insha za kujiunga na barua za mapendekezo, mambo ambayo kwetu hayana uzito wowote katika kumchagua mwombaji wa shahada ya kwanza.

Kazi ilivyobadilika

Anza na historia fupi, kwa sababu swali la "eleza majukumu ya afisa udahili" haliepukiki, na jibu lake lina mizizi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilianza kazi mwaka 2005 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 waombaji wa shahada ya kwanza walikuwa wakiomba kupitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume. Mfumo ndio uliopanga nani aende wapi, vyuo vikapokea orodha. Mwaka 2017 serikali ikaelekeza waombaji waombe moja kwa moja vyuoni. Tangu hapo chuo chenyewe ndicho kinachopokea maombi, kinachambua sifa na kuchagua, kisha kinawasilisha majina TCU yahakikiwe.

Ukilielewa hilo, jibu lako linakuwa na uti wa mgongo. Afisa wa zamani alikuwa mpokeaji wa orodha. Afisa wa leo ni mchambuzi, na akikosea hesabu ya pointi, kosa ni la chuo na linarudi mezani kwake likiwa na barua. Mweleze mwenyekiti hivyo. Mweleze pia kwamba kazi ina msimu: mitihani ya kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo yamekuwa yakitoka Julai, dirisha la maombi likafunguliwa, zikafuata awamu za uchaguzi hadi vyuo vinapofunguliwa. Miezi hiyo likizo hazipo, na kalenda haipangwi na chuo peke yake. Inatoka kwenye almanaka ya udahili ya TCU. Msailiwa anayeijua almanaka ya mwaka huu, awamu kwa awamu, ameshajitofautisha na wenzake bila kujisifu.

Karatasi ya matokeo

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi wa maandalizi, tena kwa kalamu na karatasi.

Chukua mfano huu. Mwombaji amemaliza kidato cha sita mwaka 2022 kwa tahasusi ya HGL. Historia amepata C, Jiografia E, Kiingereza E. Baba yake anakuambia kijana ana divisheni three ya pointi 13, na kwamba pointi 13 si haba, wenzake wameingia na nne tu. Baba hadanganyi. Anachanganya hesabu mbili. Katika hesabu ya NECTA, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5. Pointi zikiwa chache ndiyo heri. Tatu jumlisha tano jumlisha tano, unapata 13. Katika hesabu ya TCU mambo yamegeuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na zinavyoongezeka ndivyo heri. Kigezo cha chini cha shahada ni jumla ya pointi 4.0 kutoka masomo mawili, na masomo hayo ni yale yanayotakiwa na programu anayoiomba. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika.

Sasa kijana wetu anataka shahada ya ualimu. Akiomba kufundisha Historia na Jiografia, C na E zinampa 4.0, amegusa mstari. Akiomba kufundisha Jiografia na Kiingereza, E mbili zinampa 2.0; hana sifa. Ni mtu yuleyule na karatasi ileile. Afisa aliyeangalia jumla bila kuangalia masomo amempa kijana matumaini ya bure, au amemnyima nafasi yake.

Ongeza ugumu kidogo. Aje mwombaji mwingine, mtu mzima sasa, aliyemaliza mwaka 2015, akiwa na D mbili. Usikimbilie kusema mbili na mbili ni nne. Waliomaliza 2014 na 2015 walipangiwa alama kwa mtindo wa wakati ule, wenye B+ katikati: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Kwao 4.0 inaanzia kwenye C mbili. Huyu wa D mbili hakufika, ingawa aliyemaliza 2016 au baadaye kwa D mbili hizohizo amefika. Na aliyemaliza kabla ya 2014 anarudi kwenye hesabu ya A hadi E. Mjumbe anayetaka kukupima hatakuuliza swali la nadharia. Atakupa miaka mitatu tofauti na kukaa kusubiri.

Zoezi lenyewe halina gharama. NECTA huweka matokeo ya kila shule mtandaoni kwa namba za mtihani, jinsia, daraja na alama za kila somo. Fungua shule moja ya kawaida, si zile zinazoongoza kitaifa, kwa sababu huko kila mtu anakidhi vigezo na hutajifunza lolote. Weka pembeni kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, ambacho hutolewa kila mwaka, kimoja kwa wenye matokeo ya kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada na sifa linganishi. Pita mtahiniwa mmoja baada ya mwingine: huyu anaweza kuomba nini hapa chuoni kwetu, nini hawezi, na kwa nini. Ukimaliza darasa zima utakuwa umekutana na karibu kila swali ambalo jopo linaweza kukutega nalo. Zingatia pia kwamba tahasusi mpya zilitangazwa mwaka 2024, kwa hiyo ile orodha ya PCM, PCB, EGM na HKL uliyoizoea haitoshi tena.

Jambo moja lisikuponyoke wakati wa kueleza mifano hii: kukidhi kigezo cha chini si kuchaguliwa. Programu yenye viti vichache na waombaji wengi huchukua walio juu kwanza, na mwenye 4.0 yake hubaki nje akiwa na sifa kamili. Wazazi huliona jambo hili kama dhuluma. Afisa anayeweza kulieleza kwa sentensi mbili, bila ukali, ana thamani kubwa kwa chuo.

Wenye stashahada wana njia yao: GPA ya kuanzia 3.0, ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, na namba ya uhakiki wa tuzo, ile AVN, inayotolewa na NACTVET. Bila AVN maombi hayaendi popote, hata kama cheti kinang'aa. Wenye vyeti vya sekondari vya nje hupitia NECTA kupata ulinganifu. Mkenya mwenye KCSE, au kijana aliyesomea Kongo na kufanya mtihani wa serikali kule, asipimwe kwa macho yako. Mpeleke kwenye utaratibu. Ukiulizwa na huna hakika, jibu la "ningemwelekeza NECTA apate ulinganifu kwanza" ni jibu kamili, na linapendeza kuliko kubahatisha.

"Jifanye mimi ni mzazi"

Baadhi ya majopo hupenda maigizo haya, hasa ya vyuo binafsi. Mjumbe anaegemea kiti, anabadilisha sauti, na wewe unakuwa dirishani. Tuseme mama wa Kasulu ndiye huyu, na mwanawe aliyemaliza 2023 ana D moja na E moja, pointi tatu.

"Shikamoo mama. Karibu, kaa."

"Marahaba mwanangu. Tumesafiri siku mbili. Huyu anataka kusoma sheria. Nimeambiwa ukiongea na watu wa udahili mambo yanawezekana."

"Poleni na safari. Mama, naomba karatasi yake tuiangalie pamoja. Hapa ana D, ambayo ni pointi mbili, na hapa E, pointi moja. Jumla tatu. Ili aingie shahada yoyote, si sheria tu, zinatakiwa nne. Kwa matokeo haya hakuna chuo kikuu nchini kitakachompokea mwaka huu kwa shahada, na asiwepo mtu wa kukuchukulia hela yako akikuahidi hivyo."

"Sasa nirudi naye nyumbani?"

"Hapana mama, bado ana njia. Anaweza kuanzia stashahada. Vigezo vyake ni vya chini kuliko vya shahada. Akipata GPA ya 3.0 atarudi kuomba. Iko pia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, nayo ina masharti yake, nitakuandikia. Au arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wewe mdogo wangu, unaionaje?"

Angalia mambo yaliyofanyika hapo. Afisa hakusema "haiwezekani" kabla ya kuiweka karatasi katikati. Alihesabu kwa sauti, ili mama aone kwamba hapana haitoki kwake. Alifunga mlango wa tapeli bila kumtuhumu mtu. Kisha akamgeukia kijana, ambaye mpaka hapo wote walikuwa wakimzungumzia kama mzigo uliopakiwa kwenye basi. Wasailiwa wengi humsahau mwombaji kabisa na kushughulika na mzazi tu. Ukimkumbuka, jopo litaandika.

Kuna toleo la pili la igizo hili ambalo ni gumu zaidi: mwombaji ana sifa, amechaguliwa kwenu na kwingine, akathibitisha kule, sasa amebadili mawazo. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha, naye huthibitisha chuo kimoja tu. Hapa kishawishi ni kumsajili kimyakimya kwa sababu chuo kinahitaji wanafunzi. Usifanye hivyo hata kwenye igizo. Mweleze kwamba amekwisha kushika nafasi kwingine, na kwamba kuiachia au kuhama kuna utaratibu na muda wake chini ya TCU. Ukijibu kwa namna ya kukwepa mfumo, jopo linajua utakavyokuwa ofisini.

Na mikopo? Utaulizwa, kwa sababu wanafunzi watakuuliza kila siku. Mkopo hautolewi na chuo wala na ofisi ya udahili. Unatolewa na HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na huombwa kwa mfumo wake na kwa muda wake. Anayedhani kuchaguliwa kunaleta boom moja kwa moja hufika chuoni na begi lake na nauli ya kwenda tu. Kwa maoni yangu, afisa anayelitamka hili mapema, Julai, amefanya kazi kubwa kuliko anayetoa pole Novemba.

Uadilifu

Swali hili huja limevaa nguo za heshima: "Ukipigiwa simu na kiongozi akikuomba umsaidie ndugu yake, utafanyaje?" Msailiwa mwoga husema hajawahi kupigiwa simu kama hiyo. Shujaa wa mdomo husema atamripoti papo hapo. Jibu la mtu mzima liko katikati: nitapokea jina kama ninavyopokea la yeyote, nitaangalia sifa zake, nitampa jibu lilelile ambalo mfumo unalitoa, na nikishinikizwa nitamjulisha mkuu wangu kwa maandishi.

Jua sheria mbili kwa majina. Ya kwanza ni Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 25 kinahusu rushwa ya ngono. Waombaji wengi ni mabinti na vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, wako mbali na kwao, wanahitaji kitu ulichoshika wewe. Usizunguke maneno kuhusu hilo. Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Afisa udahili ameshika matokeo, namba za simu, vyeti vya kuzaliwa na wakati mwingine taarifa za ulemavu au za vifo vya wazazi. Kupiga picha orodha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp ili "kuwasaidia vijana waone majina" si wema.

Vyeti, chumba na lugha

Nafasi za vyuo vya umma kwa kawaida hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na unaomba kwenye Ajira Portal. Tarajia mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano kwa watakaofaulu. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo panga mapema, hasa kama usaili ni Dodoma nawe uko Mtwara.

Njoo na vyeti halisi. Hati za matokeo za muda na zile karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki badala ya cheti. Njoo na kitambulisho. Kama majina yako yanatofautiana kati ya cheti na cheti, uwe na kiapo. Kama shahada yako ni ya nje, iwe imehakikiwa na TCU. Kila msimu wapo wanaorudishwa mlangoni kwa haya. Kwa anayeomba kazi ya kukagua vyeti vya wengine, aibu yake ni mara mbili.

Mavazi hayahitaji aya ndefu: nadhifu, ya ofisini, viatu unavyoweza kusimama navyo. Lugha ndiyo ya kufikiria. Jiandae kueleza hesabu ileile ya pointi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, maana barua za TCU na vigezo vya kitabuni utavisoma kwa Kiingereza, ila mama wa Kasulu utamweleza kwa Kiswahili. Fanya mazoezi na mtu wa nyumbani asiyejua lolote kuhusu udahili. Akikuelewa, umeiva.

Vyuo binafsi vina mizani tofauti. Huko afisa udahili mara nyingi ni mtu wa masoko pia: atazunguka shule, atasimama kwenye banda la Mnazi Mmoja wakati wa maonesho ya elimu ya juu, na atapewa lengo la idadi ya wanafunzi. Usizionee aibu namba hizo, wala usiziabudu. Nenda na mpango wa kweli: shule zipi katika mkoa huo zina tahasusi zinazolingana na programu zao, lini utazitembelea kabla ya mitihani ya Mei, na utafuatiliaje maombi yaliyoanzwa yakaachwa katikati. Halafu sema wazi kwamba hutamwandikisha asiye na sifa ili kutimiza lengo, kwa kuwa jina lake litakwama kwenye uhakiki na chuo kitabaki na mzazi mwenye hasira na risiti mkononi. Mwajiri mwenye akili atatikisa kichwa kukubali. Asiyekubali amekuonyesha mapema aina ya kazi inayokusubiri.

Mwishoni utaulizwa kama una swali. Uliza chuo kinatumia mfumo gani wa maombi, timu ya udahili ina watu wangapi wakati wa msimu, na nani huamua pale mwombaji anapokata rufaa. Mshahara kwa kawaida hutajwa kwenye tangazo la umma. Kwa chuo binafsi subiri wauzungumzie wao au ofisi ya rasilimali watu.

Ukishatoka, fuatilia akaunti yako ya Ajira Portal. Aliyefaulu usaili wa serikali akakosa nafasi kwa uchache wa viti anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kuitwa nafasi nyingine ya aina hiyo ikipatikana, pengine katika chuo na mkoa ambao hukuuomba. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu.